Mgomba Hutoa Mfuko

Mgomba huzaa mkungu mmoja tu. Tukishaukata mkungu, shina hubaki shambani likioza. Lakini shina hilo lina nyuzi, na nyuzi hizo hutoa karatasi nene ya kufungia bidhaa.

Kwa nini tujisumbue? Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Plastiki haiozi upesi. Ng'ombe akiimeza huziba tumbo lake, naye hukonda, hata hufa. Karatasi ya mgomba ikitupwa shimoni huwa mbolea.

Kateni shina vipande vya urefu wa kidole, mvianike. Lowekeni majivu ya kuni usiku kucha, kisha chujeni maji yake. Chemsheni vipande katika maji hayo kwa muda wa saa tatu hivi, mpaka nyuzi ziachane mkizivuta. Tumieni chungu au pipa la chuma, kwa sababu maji ya majivu hula sufuria ya alumini. Huunguza ngozi pia, basi watoto wakae mbali. Kuni zinazotumika ni nyingi. Afadhali kikundi kizima kipike pamoja.

Osheni nyuzi mpaka maji yatoke safi. Zitwangeni kinuni, mzikoroge katika beseni la maji. Chukueni fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa dirishani. Msitumie chandarua chenye dawa ya mbu. Izamisheni fremu, mwiinue taratibu, maji yachuruzike. Pindueni karatasi juu ya kitambaa, ikandamizeni kwa ubao na jiwe, kisha ikaukie kivulini.

Sasa gundi. Vurugeni kikombe kimoja cha unga wa ngano katika vikombe vitano vya maji baridi, halafu pikeni uji huku mkikoroga. Kwa nini ngano, si mahindi? Unga wa ngano una protini inayonata. Ndiyo hiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Donge la unga wa mahindi halivutiki hivyo. Pakeni gundi kwenye pindo za mfuko, na nyembamba sana juu ya karatasi yote ili iwe ngumu.

Mende na panya huipenda gundi hii, kwa hiyo mifuko itundikwe juu. Tena mfuko huu hauvumilii maji. Unafaa maharage, karanga na dagaa wakavu. Samaki wabichi tuendelee kuwafunga kwa majani ya mgomba, kama mama zetu walivyofanya.