Kwa nini meli ilisimama Tabuaeran

Kaskazini kidogo ya ikweta, katikati ya Bahari ya Pasifiki, kuna kisiwa kiitwacho Tabuaeran. Ramani za zamani hukiita Fanning, kwa jina la nahodha Mmarekani Edmund Fanning aliyekifikia mwaka 1798. Leo ni sehemu ya nchi ya Kiribati. Nchi kavu yake yote ni kama kilomita za mraba 34, na wakazi wake ni zaidi kidogo ya 2,000. Hakina gati la kufunga meli kubwa, na meli ya shehena huweza kukawia sana kabla ya kuonekana. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, meli ya kitalii Norwegian Star, yenye uwezo wa kuchukua abiria zaidi ya 2,000, ilikuwa ikifika hapo kutoka Honolulu, Hawaii, wiki baada ya wiki. Muongo huo haukwisha kabla ratiba hiyo haijakoma. Fukwe zilibaki zilezile, minazi ilibaki ileile, na maji yalikuwa na rangi yake ya siku zote. Ili kuelewa nini kiliileta meli na nini kiliiondoa, itatubidi tukiache kisiwa chenyewe kwa muda.

Tuanze na umbali. Kutoka Honolulu hadi Tabuaeran ni takriban maili za baharini 1,000, yaani karibu kilomita 1,900. Meli inayokwenda maili 20 za baharini kwa saa hutumia saa 50 kwenda na saa 50 kurudi. Wiki nzima ina saa 168. Kwa hiyo safari ya siku 7 inayopitia Tabuaeran humaliza zaidi ya nusu ya muda wake bahari kuu, mafuta yakiungua usiku na mchana, ili abiria wapate saa chache za kukanyaga mchanga. Nayo Hawaii, walikotoka, imejaa fukwe, milima ya volkano na bandari zilizo karibukaribu. Hakuna kampuni inayochoma mafuta ya saa 100 kufuata mchanga ambao tayari inao mlangoni pake, isipokuwa pawe na jambo jingine linaloilazimisha.

Jambo hilo ni sheria ya Marekani ya mwaka 1886 kuhusu meli za abiria. Kwa ufupi, sheria hiyo inakataza kusafirisha abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine kwa meli isiyo ya Marekani. Meli inahesabiwa kuwa ya Marekani kwa kazi hiyo ikiwa imeundwa katika nchi hiyo, inamilikiwa na Wamarekani, inapeperusha bendera yao, na mabaharia wake kwa sehemu kubwa ni raia wao. Nchi nyingi zina sheria za namna hii. Lengo lake ni kuilinda biashara ya pwani, yaani usafirishaji kati ya bandari na bandari ndani ya nchi moja, isichukuliwe na wageni.

Sasa tuangalie bendera. Bendera ya meli si pambo; ni alama ya nchi ambayo meli imesajiliwa, na sheria za nchi hiyo ndizo zinazotawala kodi yake, mishahara yake na ukaguzi wake. Meli nyingi kubwa za kitalii huundwa Ulaya na kusajiliwa Bahamas, Panama na nchi nyingine zinazotoza kidogo. Meli kubwa ya kitalii yenye sifa zote za Kimarekani ni adimu, maana viwanda vya Marekani karibu viliacha kuunda meli za aina hiyo miongo mingi iliyopita. Matokeo yake ni kwamba karibu kila meli inayowachukua Wamarekani kwenda likizo ni meli ya kigeni mbele ya sheria yao wenyewe.

Tuiweke meli hiyo ya kigeni Honolulu. Inapakia abiria, inapita Hilo, inapita Kahului, kisha inarudi Honolulu. Bandari zote tatu ni za Marekani, kwa kuwa Hawaii ilitwaliwa na nchi hiyo mwaka 1898 na kufanywa jimbo mwaka 1959. Safari ya namna hiyo ni biashara ya pwani, na meli ya kigeni hairuhusiwi kuifanya. Ikiifanya, hutozwa faini kwa kila abiria. Lakini ikigusa hata bandari moja ya nchi nyingine kabla ya kurudi ilikotoka, sheria huitazama safari ileile kwa jicho tofauti na kuiruhusu. (Safari inayoanzia bandari moja ya Marekani na kuishia nyingine ina masharti makali zaidi, lakini hayo hayatuhusu hapa.) Sheria haiulizi bandari hiyo ya kigeni ni nzuri kiasi gani, wala abiria walikaa hapo kwa muda gani. Mwaka 2007 idara ya forodha ya Marekani ilipendekeza kituo cha namna hii kiwe cha angalau saa 48. Pendekezo hilo halikupitishwa.

Hapo ndipo ramani inapokuwa na neno lake. Hawaii iko peke yake baharini kuliko karibu kila kundi jingine la visiwa linalokaliwa na watu. Meli zinazotoka California hutimiza sharti la sheria kwa kusimama Ensenada, Mexico, jirani tu na mpaka. Kutoka Honolulu, Ensenada iko zaidi ya maili 2,000 za baharini. Nchi ya kigeni iliyo karibu zaidi ni Kiribati, kupitia visiwa vyake vya Line, vikiwemo Teraina, Tabuaeran na Kiritimati. Teraina ndicho cha karibu kabisa, ila hakina mahali pazuri pa kushushia watu. Kiritimati kiko mbali zaidi kidogo. Tabuaeran kikabaki kuwa jibu la hesabu.

Ugeni wa kisiwa hiki mbele ya Hawaii una sura moja ya kupendeza ambayo inafaa kutajwa. Mwaka 1995 Kiribati ilisogeza mstari wa tarehe ili nchi yote iwe na siku moja. Tangu hapo saa ya Tabuaeran na saa ya Honolulu zinaonyesha wakati uleule, lakini tarehe zinatofautiana kwa siku nzima. Saa sita mchana ya Jumapili Honolulu ni saa sita mchana ya Jumatatu Tabuaeran. Na kwetu Dar es Salaam au Mombasa wakati huo ni saa saba usiku wa kuamkia Jumatatu.

Msomaji makini atauliza: je, hakika ni sheria iliyoileta meli, au ni hamu ya watalii kuona kisiwa cha mbali? Kuna tukio lililolipima swali hili vizuri, ingawa lilitokea kwenye baridi ya kaskazini. Meli zinazotoka Seattle kwenda Alaska husimama Kanada, mara nyingi Victoria, kwa sababu hiyohiyo ya sheria ya 1886. Mapema mwaka 2021, Kanada ikiwa imefunga bandari zake kwa meli za kitalii kutokana na UVIKO-19, safari zote za meli kubwa kwenda Alaska zilikwama, ijapokuwa abiria walikuwa wakitaka Alaska, si Victoria. Ilibidi Bunge la Marekani litunge sheria ya muda kuziondolea sharti hilo. Rais Biden aliitia saini Mei 2021, na meli zikaenda Alaska moja kwa moja bila kugusa Kanada. Sharti lilipoondolewa, kituo nacho kiliondoka. Hamu ya watalii ilikuwa ileile kabla na baada.

Turudi sasa Tabuaeran tutazame siku ya meli. Kisiwa hiki ni atoli, yaani pete ya matumbawe iliyozunguka ziwa la maji ya chumvi, na nchi kavu yake ni ukanda mwembamba uliopanda mita chache tu juu ya bahari. Pete hiyo ina mlango mmoja mkubwa upande wa magharibi, nao mkondo hupita hapo kwa nguvu maji yakijaa na yakipwa. Meli hubaki nje. Abiria hushushwa kwenye boti ndogo, huingizwa mlangoni, hutembea chini ya minazi, huogelea, hutazama ngoma, hununua vitu vya ususi na makombe, kisha hurudishwa. Chakula chao wamekwishakilipia melini, na kitanda pia. Hawahitaji hoteli wala mgahawa, na kwa saa chache walizo nazo hawawezi kutumia fedha nyingi hata wakitaka.

Kwa hiyo fedha za meli hupita njia mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ile inayotoka mfukoni mwa abiria kwenda mkononi mwa mkazi: bei ya ukili uliosukwa, ya dafu, ya kombe. Ni fedha halali na ya haraka, na katika kaya ambayo kipato chake kingine ni mbata, yaani nazi iliyokaushwa kwa ajili ya mafuta, si jambo dogo. Ya pili ni ada ambayo kampuni ya meli huilipa serikali kwa kutumia bandari. Njia ya kwanza hutegemea abiria amependa nini. Njia ya pili hutegemea kampuni inahitaji nini, na tumekwishaona kwamba kampuni ilihitaji kitu kimoja mahususi: nchi isiyo Marekani, iliyo karibu na Hawaii. Kitu hicho hakiuzwi na msukaji wa ukili. Mwenye nacho ni serikali ya Kiribati peke yake.

Si mara ya kwanza mahali kilipo kisiwa hiki kuwa ndiyo mali yake. Uingereza ilikitwaa mwaka 1888, na mwaka 1902 kikawa kituo cha waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Kanada kwenda Fiji na kuendelea hadi Australia na New Zealand. Alama za simu zilififia kwa umbali, kwa hiyo palihitajika mahali pa kuzipokea na kuzituma upya, na Tabuaeran kilikuwa njiani. Zanzibar ilipata waya wake kutoka Aden mwaka 1879 kwa mantiki hiyohiyo. Septemba 1914 Wajerumani waliitambua thamani ya kituo cha Tabuaeran kiasi cha kutuma manowari Nürnberg kuukata waya. Njia nyingine za mawasiliano zilipokuja, kituo kikafungwa katika miaka ya 1960. Aliyeamua kukiweka alikuwa mbali, na aliyeamua kukiondoa alikuwa mbali pia.

Meli iliondoka kwa njia kama hiyo. Miaka ya mwisho ya karne ya 20 kampuni moja ya Kimarekani ilianza kuunda meli za kitalii huko Mississippi kwa ajili ya Hawaii, ikafilisika Oktoba 2001 kazi ikiwa haijakamilika. Kampuni ya Norwegian Cruise Line, ileile iliyokuwa ikiipeleka Norwegian Star Tabuaeran, ikanunua kiunzi kilichokuwa kimeanzwa, na mwaka 2003 ikapata ruhusa maalumu ya Bunge la Marekani kukikamilisha Ujerumani na bado kukisajili kama meli ya Marekani, pamoja na meli nyingine mbili zilizoundwa nje, kwa sharti la kuhudumu Hawaii. Ya kwanza kuanza kazi ilikuwa Pride of Aloha, mwaka 2004. Pride of America ilifuata mwaka 2005. Meli hizi zilikuwa na bendera inayotakiwa. Ziliweza kuzunguka visiwa vya Hawaii wiki nzima bila kuvuka maji kwenda nchi yoyote. Saa 100 za baharini zikawa hazina kazi tena, na ratiba za kila wiki kwenda Tabuaeran zikafutwa hatua kwa hatua. Meli moja moja hupita bado, mara chache, zikiwa katika safari ndefu za Pasifiki.

Tukifika hapa tunaweza kupima. Kosa rahisi ni kusema kwamba wakazi hawakuwahudumia wageni vizuri, au kwamba kisiwa kingejitangaza zaidi. Hakuna ngoma ambayo ingeishinda ruhusa ya Bunge la Marekani. Kosa jingine ni kusema kwamba meli haikuwa na faida yoyote. Ilikuwa nayo, na watu walioipata walikuwa na haki nayo. Hatari ilikuwa kuipangia maisha. Mkulima wa mwani, zao lililowahi kulimwa Tabuaeran kama linavyolimwa Zanzibar, akiacha kamba zake baharini ili asuke ukili wa kuwauzia wageni, huwa amebadilisha soko gumu analoliona kwa sharti la kisheria asiloliona.

Kwa maoni yangu, wageni wanaoletwa na sheria ya nchi nyingine wahesabiwe kama madini, si kama mavuno. Kiribati inaujua utaratibu huo kuliko nchi nyingi. Fosfeti ya kisiwa cha Banaba ilichimbwa mpaka ikaisha mwaka 1979, mwaka uleule nchi ilipopata uhuru. Lakini tangu 1956 sehemu ya mapato yake ilikuwa ikiwekwa katika mfuko wa akiba, na mfuko huo leo unazidi dola bilioni 1 za Australia. Kituo cha meli kilistahili kanuni hiyohiyo. Fedha ya makombe na ukili ibaki majumbani kwa waliofanya kazi. Ada ya kila abiria itozwe kwa kipimo cha kile ambacho kampuni inaokoa kwa kusimama hapo, si kwa kipimo cha uzuri wa ufukwe, kisha iingizwe katika akiba yenye jina la visiwa vya Line, kwa ajili ya matangi ya maji ya mvua na usafiri wa baharini wa wakazi wenyewe. Kiwango chake kiandikwe kabla boti ya kwanza haijashushwa, wakati kampuni ingali haina bandari nyingine ya karibu wala meli yenye bendera nyingine.