Uvimbe wa Titi Usio Saratani ya Titi: Jina na Hatima ya Mgonjwa

Aghalabu ugonjwa huitwa kwa jina la mahali unapoonekana. Uvimbe ukizuka katika titi la mwanamke, jamaa na majirani hunong'onezana papo hapo kwamba ana saratani ya titi. Ukweli ni kwamba uvimbe mwingi wa titi si saratani kabisa, na ule ulio saratani kwa kawaida huanzia katika titi lenyewe. Hata hivyo, upo uvimbe adimu unaojitokeza katika titi ilhali chimbuko lake ni damu. Makala haya yanaufafanua uvimbe huo na kuonyesha jinsi kukosea jina lake kunavyoweza kuhatarisha uhai wa mgonjwa.

Lukemia, au saratani ya damu, huanzia katika uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa ambamo chembe za damu hutengenezwa. Chembe nyeupe changa huongezeka kupita kiasi bila kukomaa, kisha huenea katika damu. Mara chache chembe hizo hujikusanya mahali pengine mwilini na kuunda donge: katika ngozi, fizi, mifupa, tezi za limfu na, kwa nadra, katika titi. Donge linalotokana na chembe za jamii ya mieloidi huitwa sarkoma ya mieloidi.

Historia ya jina hili ina funzo. Tabibu Allan Burns wa Uskochi aliueleza uvimbe wa aina hii mwaka 1811. Mwaka 1853 ukaitwa kloroma, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kijani, kwa kuwa baadhi ya madonge hayo yalikuwa na rangi hiyo, inayosababishwa na kimeng'enya kiitwacho mieloperoksidesi. Afrika Mashariki nayo imo katika historia hiyo: mwaka 1965 Davies na Owor walichapisha maelezo kuhusu watoto wa Uganda waliougua uvimbe huu. Kwa kuwa si madonge yote yaliyo ya kijani, mwaka 1966 Rappaport alipendekeza jina la sarkoma ya granulosaiti. Hatimaye sarkoma ya mieloidi likawa jina rasmi. Wataalamu, basi, waliacha kuutambua ugonjwa kwa rangi, wakautambua kwa chembe zinazouunda.

Hapo ndipo penye hatari. Chini ya hadubini, chembe hizi hufanana na za limfoma, na wakati mwingine na za saratani ya titi. Pasipo vipimo maalumu vya kutambua protini za chembe, kikiwemo cha mieloperoksidesi, ni rahisi kupotoka. Matokeo yake ni kwamba mwanamke anaweza kukatwa titi pasi na haja, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea katika uboho.

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Uvimbe huu unaweza kutangulia lukemia kabla damu haijaonyesha kasoro yoyote. Asipotibiwa mwili mzima, mgonjwa wa namna hiyo kwa kawaida hupatwa na lukemia kamili baada ya miezi kadhaa. Aidha, unaweza kuandamana na lukemia, au kuwa ishara ya kurejea kwake, hata kwa aliyekwisha kupandikizwa uboho.

Kwa sababu hiyo, tiba yake hufuata asili wala si mahali. Mgonjwa hupewa dawa za kemotherapia zitumiwazo kutibu lukemia kali, mathalani sitarabini, na baadhi hupandikizwa seli shina. Mionzi huweza kusaidia, lakini upasuaji peke yake hautoshi.

Yafuatayo, basi, ni muhimu. Kwanza, uvimbe wowote wa titi uchunguzwe mapema, na kipande chake kipimwe kabla ya kuamua kuondoa titi. Pili, aliyewahi kuugua lukemia amfahamishe daktari, hata kama alipona miaka mingi iliyopita. Tatu, uvimbe ukiandamana na homa zisizokwisha, uchovu, weupe wa viganja au kuvuja damu ovyo, damu na uboho pia vipimwe.

Kiswahili kina istilahi mbili, saratani ya titi na saratani ya damu. Kwa mgonjwa huyu, kujua ni ipi inayomhusu ndiko kunakoamua tiba atakayopewa.