Bukavu: Kadi ya chama inamlinda nani? Waandishi wa habari wapima faida na bei ya kuwa pamoja

Katika mji wa Bukavu ni vigumu kupata mtu wa kazi asiye na kikundi. Motari ana shirika lake, mama muuza nguo wa soko la Kadutu ana kikundi chake, mwalimu ana sindika, avoka ana baro, mfanyabiashara mkubwa ana FEC. Kila siku au kila mwezi mtu anatoa kitu: mafranka ya jetoni, dola ya mchango, nusu siku ya mkutano. Na wengi wakitoka mkutanoni wanaulizana swali lile lile: pesa yetu inatusaidia nini?

Kwa waandishi wa habari wa Kivu Kusini, swali hilo halihusu pesa tu. Linahusu pia uhai wao.

Miaka mitatu, vifo vitatu

Tarehe 13 mwezi wa sita 2007, Serge Maheshe, mwandishi wa Radio Okapi, alipigwa risasi usiku mjini Bukavu. Tarehe 21 mwezi wa kumi na moja 2008, mwenzake wa radio ile ile, Didace Namujimbo, aliuawa pia kwa risasi. Mwezi wa nane 2009 ikawa zamu ya Bruno Koko Chirambiza, kijana wa Radio Star. Kwa muda wa miaka mitatu hivi, mji mmoja ulizika waandishi watatu.

Kesi ya Maheshe inaonyesha kazi ambayo mtu peke yake hawezi kuifanya. Mwaka wa 2007, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo marafiki wake wawili, wale wale waliokuwa naye alipouawa. Familia yenye msiba, hata ikiwa na ujasiri wa namna gani, haina nguvu ya kupinga hukumu kama hiyo mwezi kwa mwezi. Mashirika ya waandishi na ya haki za binadamu, kati yao Journaliste en danger (JED) iliyoanzishwa Kinshasa mwaka wa 1998, yalifuata kesi, yakaandika ripoti, yakasema wazi kwamba uchunguzi haukufanywa vizuri. Mwezi wa tano 2008, wakati wa rufaa, marafiki hao wawili waliachiliwa.

Ukweli wote kuhusu nani alituma wauaji haukujulikana kwa sababu hiyo. Lakini watu wawili hawakubaki na hukumu ya kifo.

Wanawake walioungana mwaka wa 2003

Mwaka wa 2003, wakati vita kubwa ilikuwa inaishia kwenye karatasi lakini si vijijini, wanawake waandishi wa habari wa Bukavu waliunda shirika lao: Association des Femmes des Médias du Sud-Kivu, ambayo watu wanaijua kwa jina la AFEM. Walitaka sauti ya mwanamke isikike katika radio, kama mwandishi na kama mtu anayeulizwa maoni.

Kazi iliyowapa jina ni ile ya kukusanya ushuhuda wa wanawake waliobakwa na kuupeleka hewani, katika wakati ambapo neno lenyewe lilikuwa aibu kulitamka. Kazi ya namna hiyo inahitaji gari au moto ya kufika vijijini, vinasa sauti, studio, na zaidi ya yote wenzako wa kukusikiliza unaporudi ukiwa umebeba maneno mazito. Mwandishi mmoja mwenye mshahara wa radio ya jimbo hawezi kulipa vyote hivyo.

Mwezi wa tano 2009, mwanzilishi wake Chouchou Namegabe alitoa ushuhuda mbele ya Seneti ya Marekani kuhusu ubakaji katika mashariki mwa Kongo. Mwaka huo huo alipewa tuzo ya Knight ya uandishi wa kimataifa. Mwaka wa 2014, Caddy Adzuba, mwandishi wa Radio Okapi na mwanasheria, naye memba wa AFEM, alipokea Hispania tuzo ya Prince of Asturias, ile inayoitwa ya Maelewano. Tuzo zilibeba jina la mtu mmoja mmoja, ila kazi iliyozileta ilifanywa na wengi.

Hatari nayo ilikuwa ya wote. Mwezi wa tisa 2009, waandishi watatu wanawake wa Bukavu, Adzuba akiwa mmoja wao, walipokea ujumbe wa simu wa kuwatisha kifo. Vitisho hivyo vilijulikana haraka mpaka nje ya nchi kwa sababu walikuwa na mashirika ya kuvipeleka mbele. Kwa mwandishi asiye na kundi, ujumbe kama ule ungebaki ndani ya simu yake.

Kadi ya lazima na kadi ya hiari

Si kila uanachama ni wa namna moja. Kuna kazi ambazo sheria inasema: bila kuandikwa, hufanyi. Madaktari wana Ordre des médecins tangu mwaka wa 1968. Maavoka wanafuata sheria ya tarehe 28 mwezi wa tisa 1979 iliyopanga baro. Wauguzi walipata Ordre yao kwa sheria ya mwezi wa saba 2016. Na tangu kodi ya mine ilipobadilishwa mwezi wa tatu 2018, mchimbaji wa mikono anatakiwa awe ndani ya koperative iliyokubaliwa na serikali.

Uanachama wa lazima una faida kwa raia wa kawaida. Mgonjwa anaweza kuuliza kama daktari wake ameandikwa. Mtu asiye na pesa ya avoka anaweza kwenda kwenye ofisi ya mashauri ya bure ambayo sheria inaitaka kwa kila baro. Lakini una hatari yake pia: pale mtu asipokuwa na ruhusa ya kutoka, viongozi wanaweza kusahau kumweleza. Mchimbaji aliyelazimishwa kuingia koperative ambayo mkubwa wake ni mfanyabiashara mmoja tu, huyo hana chama. Ana boss mwingine.

Waandishi wa habari wako katikati. Union nationale de la presse du Congo (UNPC) ilizaliwa katika kongamano la Kinshasa mwaka wa 2004, na ndiyo inayotoa kadi ya presse. Kadi hiyo inasaidia kwenye barriere, kwenye mlango wa ofisi ya serikali, na mbele ya askari anayeuliza kwa nini mtu anapiga picha. Inasaidia pia msikilizaji, kwa sababu inamtenganisha mwandishi na mtu mwenye simu tu anayejiita mwandishi.

Hata hivyo, hapo ndipo tatizo la kwanza linapotokea. Katika radio nyingi za jimbo, mshahara ni mdogo, unachelewa, au haupo kabisa. Wengi wanaishi kwa kupaje, ile bahasha anayotoa aliyeita waandishi kwenye shughuli yake. Mtu wa namna hiyo akiambiwa alipe mchango wa mwaka na pesa ya kadi, anachagua kati ya kadi na unga wa watoto. Basi anayefanya kazi kila siku anaweza kukosa kadi, na mwenye pesa asiyeandika hata habari moja akajaribu kuinunua. Chama kinachodai maadili bila kuzungumza juu ya mshahara kinaacha nusu ya kazi yake.

Kwa nini likelemba inaaminiwa zaidi

Watu wengi wa Bukavu wasiotaka kutoa mchango wa chama wanatoa kwa likelemba bila kulalamika. Sababu haifichiki. Katika likelemba, kila mtu anaona pesa ikihesabiwa, anajua siku ya zamu yake, na mwenye kukosea anajulikana kwa jina. Katika chama cha kazi, faida haina siku. Inaonekana tu mtu anapokamatwa, anapougua au anapofukuzwa kazi. Miaka inaweza kupita mtu akilipa bila kuona kitu, na hapo maneno yanaanza: prezida amenunua moto mpya, komite haiitishi uchaguzi, manda imekwisha lakini hawatoki.

Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001, inayohusu mashirika yasiyotafuta faida, inampa memba silaha zaidi kuliko anavyofikiri. Shirika haliundwi na watu chini ya saba, linapaswa kuwa na mkutano mkuu, na komite inatakiwa kuleta hesabu mbele ya mkutano huo. Kwa hiyo memba anayeomba kuona hesabu hamtukani mtu. Anadai haki yake.

Tatizo lingine ni wingi. Mfanyabiashara anaweza kuitwa na FEC, na COPEMECO ya biashara ndogo na za katikati, kisha na kikundi cha soko lake. Kila mmoja ana risiti yake, na siku taxe mpya inapoletwa kila mmoja anakwenda kuongea na serikali peke yake. Katiba ya 2006 inalinda uhuru wa kujiunga, na hilo ni jambo zuri. Lakini mashirika kumi yasiyosikilizana yanampa mwenye mamlaka kazi nyepesi: anachagua lile linalomsifu.

Mtihani wa 2025

Katikati ya mwezi wa pili 2025, M23 iliingia Bukavu. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama, maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Kati yao walikuwa waandishi wa habari. Wengine walibaki mjini na kunyamaza, au wakabadilisha namna ya kusema.

Kwa vyama vya kazi, huo ni mtihani ambao hakuna katiba ya shirika iliyouandalia kifungu. Makao makuu ya karibu vyama vyote vya taifa yako Kinshasa. Memba wako chini ya utawala mwingine. Mchango uliokuwa benki haufikiwi. Mkutano mkuu hauitishwi kirahisi, na orodha ya wanachama, ambayo zamani ilikuwa karatasi tu ya ofisi, imegeuka kitu cha kufichwa vizuri ili isianguke kwenye mikono mibaya.

Bukavu imeshawahi kupita katika hali inayofanana. Radio Maendeleo ilianzishwa mwaka wa 1993 na mashirika ya hapa, si na tajiri mmoja wala chama cha siasa. RCD iliifunga mwaka wa 1999. Radio ilirudi hewani baadaye, kwani watu walioiunda pamoja walikuwa bado wanaitaka.

Kabla ya kutoa mchango mwingine

Kidole kimoja hakivunji chawa, na wakaaji wa Bukavu hawahitaji kufundishwa hilo. Wanachohitaji ni kujua kama mkono walioshika ni mzima. Memba anaweza kuuliza maswali manne. Hesabu za mwaka jana zilisomwa wapi, mbele ya nani? Uchaguzi wa mwisho ulifanyika lini? Memba wa mwisho aliyepata shida, chama kilimfanyia nini? Na memba asiye na pesa mwaka huu, anafukuzwa au anasubiriwa?

Komite inayojibu maswali hayo bila kukasirika inastahili mchango. Isiyojibu, ni vizuri memba wasiiache kimya kimya. Waende mkutanoni, wainue mkono, na waombe jibu liandikwe kwenye ripoti ya mkutano.