Picha Ikishalipiwa, Inakuwa Mali ya Nani?

Katika “Kuku na Jongoo”, hadithi ya watoto iliyotungwa na Winny Asara, marafiki wawili wanacheza mpira. Jongoo anapiga shuti anafunga, anapiga chenga anafunga, anapiga kichwa anafunga. Yanafika mabao matano, na Kuku anapandwa na hasira hadi anammeza mwenzake. Kwa maneno ni rahisi. Magriet Brink, aliyeichora, ilimbidi aamue jongoo asiye na shingo anapigaje kichwa, miguu mingapi ionekane ili mtoto azione mbio, na Kuku akae vipi golini hata mtoto ahisi kuwa balaa linakuja. Anayeagiza picha ananunua maamuzi ya aina hiyo. Wengi hudhani wananunua mkono tu, na ndiyo maana malipo huwa haba.

Kazi ya kuagizwa ina hatua zake. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapa ikikunjwa hutoa kurasa 16, na mbili za namna hiyo hutosha kitabu. Mchoraji huipanga hadithi nzima kwa vijipicha vya penseli, kisha hutoa rasimu kamili. Mhariri akishaipitisha ndipo rangi inawekwa. Kwenye kurasa mbili zinazotazamana, uso wa mhusika hauwekwi katikati, maana mkunjo wa kitabu utaumeza. Marekebisho ya penseli hayachukui muda. Baada ya rangi, kumbadilishia mhusika nguo kwaweza kuwa kuchora upya, na kazi mpya ina malipo yake. Mhariri aliyenyamaza kwenye rasimu, halafu akadai mabadiliko picha ikiwa tayari, anamwonea mchoraji.

Onyo kubwa zaidi liko kwenye hakimiliki. Nchini Kenya, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Uingereza ni kinyume chake: chini ya sheria ya 1988, mchoraji wa kujitegemea hubaki mwenye hakimiliki mpaka aihamishe kwa maandishi yenye saini yake. Kwa hiyo mchoraji wa Nairobi anayekubaliana na mteja kwa simu, akatumiwa pesa na kukabidhi picha, huenda ameuza kila kitu bila kujua. Picha ya kitabu cha darasa la pili ikija kuonekana kwenye kalenda, fulana au tangazo la sabuni, hatakuwa na malipo ya kudai.

Kuna wanaoiachia picha itumike bure kwa hiari, nami nawaheshimu. Hadithi ya Kuku na Jongoo imo katika African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ambao tovuti yake ilifunguliwa 2014. Leseni yake huria inaruhusu hadithi na michoro kunakiliwa na kutafsiriwa, mradi waliotunga na kuchora watajwe. Ndivyo mchoro mmoja unavyowafikia watoto wa lugha nyingi, zikiwemo ambazo hakuna mchapishaji angezitolea kitabu cha rangi. Hapo masharti yanajulikana tangu mwanzo, na hilo ndilo ninalolidai kwa kila kazi.

Kabla ya penseli kugusa karatasi, basi, mkataba useme picha itatumika wapi, kwa lugha zipi na kwa miaka mingapi. Useme pia kama malipo ni ya mkupuo au yana mrabaha. Malipo ya awali ni kiasi gani. Na duru ngapi za marekebisho zimo ndani ya bei. Mchoro halisi urudi kwa aliyeuchora. Kifungu cha 32 cha sheria hiyohiyo ya Kenya kinampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake na ya kupinga isipotoshwe, hata akiwa ameshaiuza. Jina la mchoraji, kwa hiyo, liandikwe jaladani pamoja na la mwandishi.