Nchi ya Kitengela na Funzo Lake kwa Mkulima

Ndugu mkulima, wewe uliyepata shamba katika skimu ya makazi, hati yako iko sandukuni na mipaka yako unaijua. Huenda jirani amekwisha kukuambia, "Kata kipande kidogo tu, uza." Kabla ya kumjibu, soma habari za Kitengela, katika Kajiado.

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, fika Athi River, kisha geuka kuume ushike njia ya Namanga. Yapata kilomita 30 kutoka Nairobi utaona Kitengela. Mbele yako ni Isinya, halafu mji wa Kajiado, halafu mpaka wa Tanzania. Jina Kajiado limetoka katika maneno ya Kimaasai yenye maana ya "mto mrefu". Lakini jina lisikudanganye, kwani maji ni haba. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na mara nyingi hunyesha hapa ikaruka pale. Udongo ni mweusi. Wakati wa mvua hunata miguuni, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Nchi hii ni ya majani na mifugo kuliko ya mahindi.

Kwa hiyo Wamaasai wa Kaputiei walishika kanuni moja: fuata mvua. Wanyama wa porini nao waliishika. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, iliachwa wazi upande wa kusini. Mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia walitoka kwenda uwanda wa Kitengela. Kiangazi kikija, walirudi kwenye maji. Nyumbu walipozaa, wafugaji waliwaondoa ng'ombe, kwa maana ndama wa nyumbu huwaambukiza homa mbaya isiyo na dawa. Waliweza kupishana kwa kuwa nafasi ilikuwako.

Nafasi hiyo ilianza kupungua zamani. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, wakatengewa nchi mbili, moja kaskazini na moja kusini. Kwa mapatano ya mwaka 1911 wale wa Laikipia nao wakatakiwa kuhamia kusini. Baadaye reli ya magadi ikapita Kajiado, kutoka Konza hadi Magadi. Kisha kiangazi cha 1960 na 1961 kikaua ng'ombe wengi mno.

Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya ranchi za kikundi: ardhi moja, hati moja, wanachama wengi. Shabaha ilikuwa kulinda ardhi, kuchimba majosho na kupata mikopo pamoja. Lakini wengine hawakuwaamini viongozi wao, vijana waliuliza fungu lao liko wapi, na wengi walitaka hati ya kupeleka benki. Mwaka 1988 Ranchi ya Kikundi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapata ardhi yake.

Sasa tufanye hesabu. Mtu ana ekari 100. Mvua ikinyesha kwa jirani na kwake isinyeshe, ng'ombe atawapeleka wapi, ikiwa jirani amezungusha waya? Ukame ukija atauza ekari 10. Ada ya shule ikidaiwa, atauza 10 nyingine. Sasa ana 80, na ng'ombe ni wale wale. Mwaka 1990 sheria ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje ilipitishwa, na viwanda hivyo vikajengwa Athi River. Wafanyakazi wakatafuta mahali pa kulala, na bei ya ploti ikapanda. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta mji wa Kitengela una watu zaidi ya 150,000. Nyumbu wa uwanda ule, ambao katika miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 20,000, walikuwa chini ya 5,000 kufikia mwaka 2011.

Wengine walijaribu njia nyingine. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kumlipa mwenye ardhi dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka, ili asiuze wala asizungushe waya. Malipo yalitolewa wakati wa ada ya shule, yaani wakati ule ule ambapo watu huuza ardhi.

Hati ni kitu chema, wala sisemi uirudishe. Nasema hivi: kwanza, usiuze ardhi kulipa deni la mwezi mmoja. Pili, kaa na mkeo na watoto waliokwisha kukua, mwafikiane kabla ya kuonana na mnunuzi. Tatu, kwa sheria ya mwaka 1967, shamba haliuzwi pasipo idhini ya Bodi ya Ardhi. Anayekuambia mpite kando ya Bodi anakutafutia hasara. Nne, patana na jirani juu ya njia za mifugo na maji kabla hujanunua waya.

Ng'ombe ukimwuza, huenda ameacha ndama zizini. Shamba ukiliuza, halikuachii kitu.