Waya wa ethi kwanza, mafuta baadaye
Kabla lori la petroli la Kigali au Bujumbura halijajazwa Dar es Salaam, tanki hubanwa waya wa ethi. Petroli ikitiririka bombani hubeba chaji za umeme. Chaji hizo huvuta za kinyume upande wa ndani wa tanki na kusukuma zinazofanana nazo upande wa nje. Matairi ya mpira hayapitishi umeme vizuri. Bila waya, chaji za nje huweza kubaki hapo. Cheche moja tu, mvuke unawaka. Kwa waya, hushuka ardhini.

Mwenye dumu la chuma naye asilijaze likiwa juu ya plastiki kwenye pikapu. Aliteremshe chini kwanza. Ardhi ndiyo ethi yake.