ASKARI WA MWILI WANAPOZUIA MIMBA

Mke na mume wakiishi pamoja mwaka mzima bila kuzuia mimba, na mimba isipatikane, wote wawili waende kupimwa. Huku kwetu Mbagala, Chamazi na hata Bunju, mara nyingi huenda mke peke yake. Huitwa tasa, na wengine hurudishwa kwao. Mume hajapimwa hata siku moja!

Siku hizi watu wanauliza juu ya kipimo cha kingamwili. Kingamwili ni askari wa mwili. Wamo ndani ya damu na majimaji ya mwili, na kazi yao ni kukamata vijidudu vya ugonjwa. Kipimo cha haraka cha Ukimwi, kile cha tone la damu ya kidole, hutafuta askari hao.

Askari wanaweza kukosea. Mbegu za mwanamume huanza kutengenezwa anapobalehe. Wakati huo askari wamekwisha jifunza kipi ni cha mwili na kipi ni kigeni. Kwa hiyo mwili umezitenga mbegu kwa ukuta ndani ya korodani. Mtu akiumia korodani, au akipasuliwa sehemu hizo, ukuta huweza kuharibika. Askari huziona mbegu, huzidhani ni adui, na huzikamata. Mbegu hushikana vichwa au mikia, kama mbuzi waliofungwa kamba moja, kila mmoja anavuta upande wake. Hazifiki kwenye yai.

Kipimo chenyewe hufanywa hivi. Mume hukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Kisha huyatoa katika chombo safi alichopewa na maabara. Asitumie kondomu ya kawaida, kwani huweza kudhuru mbegu. Akiyatolea nyumbani, yafike maabara kabla ya saa nzima kupita, bila kupoa. Kwa foleni ya magari ya Mbagala, ni afadhali kuyatolea hospitalini.

Mpimaji huanza kwa kuzihesabu mbegu na kutazama mwendo wake kwa hadubini. Hiki ndicho kipimo kikubwa. Akiona zimeshikana, anaweza kuzichanganya na vipunje vidogo sana vinavyonasa askari. Vipunje vikiganda kwenye nusu ya mbegu zinazotembea, au zaidi, huenda askari ndio sababu. Hata hivyo mimba bado yaweza kupatikana. Hakuna kidonge cha uhakika cha kuwaondoa askari hao. Daktari anaweza kushauri yai na mbegu viunganishwe maabara, lakini gharama yake ni kubwa.

Kwa hiyo mtu asiuze kiwanja kwa ajili ya kipimo hiki kabla ya kumaliza vipimo vya kwanza. Anzeni zahanati. Mkihitaji zaidi mtaandikiwa kwenda hospitali ya Temeke au Mwananyamala. Katika nchi zetu za Afrika, sababu moja kubwa ya kukosa mtoto ni mirija ya mke iliyoziba baada ya kisonono au klamidia. Klamidia huweza kuingia bila maumivu yoyote, kwa mke na kwa mume pia.

Kipo pia kipimo cha damu kinachotafuta askari wa klamidia. Hapa naomba waume wasome polepole. Askari hao huweza kubaki katika damu miaka mingi baada ya ugonjwa kupona. Wakionekana, maana yake mtu aliwahi kuambukizwa. Kipimo hakisemi aliambukizwa lini, wala na nani. Wapo wanaokimbilia talaka kwa karatasi hiyo, na mimi naona ni dhuluma.

Kinachofuata ni picha ya eksirei. Dawa hupitishwa ndani ya kizazi ili daktari aone kama mirija imefunguka. Mama huweza kusikia maumivu ya tumbo siku hiyo. Aende baada ya hedhi kukatika, na kabla ya kukutana na mumewe, ili picha isipigwe juu ya mimba changa.